Kiharusi cha Uti wa Mgongo: Mtoto Atarudije Shuleni?

Ukisikia neno kiharusi, bila shaka unamfikiria mzee aliyepinda mdomo. Lakini wahenga walinena, hujafa hujaumbika. Hata mtoto wa shule ya msingi anaweza kupatwa na kiharusi, tena cha uti wa mgongo. Ni nadra, ila hutokea.

Hutokeaje? Ndani ya mifupa ya mgongo mna uti laini wa neva unaopeleka amri za ubongo hadi miguuni. Sehemu yake kubwa ya mbele hutegemea mshipa mmoja wa damu. Damu ikikwama, neva hukosa oksijeni. Mara nyingi mgongo huuma ghafla, kisha kwa dakika au saa chache miguu hulegea, na mkojo huweza kuzuilika. Huu si uchawi wala uvivu! Usimkande, usingoje kesho, mkimbize hospitalini. Hapa kwetu Eldoret, Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi ina hospitali ya watoto, Shoe4Africa, iliyofunguliwa mwaka 2015.

Hatari ikipita, ndipo kazi inapoanza:

1. Viungo hunyooshwa kila siku visikakamae. Mtoto hujifunza kuketi, kusimama, na akiweza, kupiga hatua akishikilia vyuma.

2. Akiwa kitandani hugeuzwa kila baada ya saa 2 hivi, asitoke vidonda.

3. Asiyeweza kukojoa hufundishwa kutumia mpira safi kwa saa maalumu, ili figo zisiharibike.

Nafuu kubwa huonekana miezi ya mwanzo, kisha huja polepole. Wengine hutembea tena. Wengine hubaki na kiti cha magurudumu.

Sasa basi, daktari akimruhusu kwenda nyumbani, sisi tumejiandaa? Kiti hicho hakipandi ngazi, hukwama kwenye matope ya Aprili, wala hakiingii katika choo chembamba. Kifungu cha 54 cha Katiba ya 2010 kinampa mlemavu haki ya kupata elimu katikati ya jamii. Haki hiyo huanza na vitu vidogo: njia ya mteremko mlangoni, choo kipana, darasa la chini, na rafiki anayeuliza kabla ya kusukuma kiti.

Wanachama wenzangu, umoja ni nguvu. Daktari na mtaalamu wa viungo watamfikisha mtoto huyo hadi langoni. Kutoka langoni hadi dawatini, ni juu yetu.