Umbali na Muda wa Safari ya Ndege: Mtwara hadi Dar es Salaam

Ukimaliza somo hili utaweza kukokotoa umbali wa angani kati ya miji miwili kwa kutumia latitudo na longitudo, kisha kupata muda wa safari.

Kumbuka
- Dakika 1 ya tao kwenye duara kuu = maili 1 ya bahari = km 1.852. Nyuzi 1 = dakika 60.
- Kadiri unavyoondoka ikweta, duara za latitudo hupungua. Kwa hiyo tofauti ya longitudo huzidishwa kwa kosaini ya latitudo.
- Muda = umbali ÷ mwendokasi.

Mfano
Mgonjwa anayeishi Magomeni, Mtwara, anatakiwa kuwa Hospitali ya Muhimbili saa 5:00 asubuhi. Basi linaondoka saa 12:00 asubuhi, linapita barabara ya km 560 kwa wastani wa km 70 kwa saa. Ndege inaruka saa 2:30 asubuhi kwa wastani wa km 480 kwa saa. Kutoka uwanjani hadi hospitali ni saa 1. Asafiri kwa chombo kipi?

Uwanja wa Mtwara: 10°20′ Kus, 40°11′ Mash.
Uwanja wa Dar es Salaam: 6°52′ Kus, 39°12′ Mash.

*Hatua ya 1.* Tofauti ya latitudo: 10°20′ − 6°52′ = 3°28′ = dakika 208, yaani maili 208 za bahari.

*Hatua ya 2.* Tofauti ya longitudo: 40°11′ − 39°12′ = dakika 59. Latitudo ya wastani ni 8°36′. 59 × kos 8°36′ = 59 × 0.9888 ≈ maili 58.3.

*Hatua ya 3.* Kwa kuwa miji iko karibu, chukua pembetatu mraba na utumie kanuni ya Pithagoras: √(208² + 58.3²) ≈ maili 216. Halafu 216 × 1.852 ≈ km 400.

*Hatua ya 4.* Ndege: 400 ÷ 480 = saa 5/6 = dakika 50. Itatua saa 3:20, na mgonjwa atafika hospitali saa 4:20.
Basi: 560 ÷ 70 = saa 8. Litafika Dar es Salaam saa 8:00 mchana.

*Jibu:* Asafiri kwa ndege. Atabakiwa na dakika 40. Kwa basi atakuwa amechelewa kwa zaidi ya saa 3.

Angalizo: hapa ndipo alama hupotea
1. Saa 0.83 si dakika 83. Zidisha kwa 60: utapata dakika 50.
2. Usitumie km 560 kwa ndege. Barabara hupinda, ndege hukata moja kwa moja.
3. Mtwara na Dar es Salaam hutumia saa za Afrika Mashariki, hivyo usiongeze wala kupunguza. Ingekuwa safari ya Lusaka, ungepunguza saa 1.
4. Muda ulioandikwa kwenye tiketi huwa mrefu zaidi, kwa sababu unahesabu pia ndege inapotembea uwanjani. Kwenye mtihani, fuata takwimu za swali.

Zoezi
1. Ndege imetumia saa 1 na dakika 15 kwa km 400. Tafuta mwendokasi wake.
2. Miji miwili iko longitudo moja, latitudo 3° Kus na 8° Kus. Tafuta umbali kwa kilometa.

Majibu: 1. km 320 kwa saa. 2. km 555.6.