Kabla ya Kupasuliwa Kizazi Kilichoshuka

Mama anayehisi kinyama kinachungulia ukeni kila anapochuchumaa, akifika kwa daktari huwa na ombi moja: "Nitoeni kizazi nipumzike." Namwelewa. Lakini kizazi hushuka kwa sababu misuli na kano za nyonga zinazokishikilia zimelegea, iwe kwa uzazi, umri, mizigo mizito au kikohozi cha miaka mingi. Kikitolewa na kano zikaachwa vilevile, uke wenyewe unaweza kushuka baadaye. Kwa hiyo muulize daktari bingwa wa wanawake: "Mkishatoa kizazi, sehemu ya juu ya uke mtaishikiza wapi?" Akueleze mpaka uelewe, hata kwa kuchora kwenye karatasi.

Nawe mweleze bila haya. Bado unataka kuzaa? Basi upasuaji kwa kawaida husubiri, na pesari, ile pete laini inayovaliwa ukeni, inaweza kukusitiri. Umemaliza kuzaa lakini hutaki kutolewa kizazi? Upo upasuaji wa kukipandisha na kukishikiza. Ikiwa kilichoshuka ni kibofu tu, huenda ukahitaji kukazwa ukuta wa mbele wa uke, basi.

Kwa mama mtu mzima aliyeachana kabisa na tendo la ndoa, uke unaweza kufungwa. Ni upasuaji mfupi na hudumu vizuri, ila baada yake hakuna tena kuingiliana. Uamuzi huo ni wake mwenyewe. Wanawe wasimwamulie.

Ukisikia habari ya wavu wa kushikilia viungo vilivyoshuka, uliza unapitishwa wapi. Mwaka 2019 Marekani ilisimamisha uuzaji wa nyavu zinazopitishwa ukeni kwa tatizo hili. Ule unaowekwa kupitia tumboni na kushikizwa kwenye mfupa wa chini ya mgongo bado unatumika.

Kabla ya upasuaji, omba pia upimwe kama mkojo unavuja unapokohoa, kizazi kikiwa kimerudishwa ndani. Wapo wanaoanza kuvuja baada ya kupasuliwa, kwa kuwa kizazi kilikuwa kinaubana mrija wa mkojo.

Ukirudi nyumbani baada ya upasuaji, kwa takriban wiki 6 usibebe ndoo, usilime, usikutane na mume. Familia iambiwe mapema nani atateka maji. Kula papai, mboga na maharage, unywe maji ya kutosha, usijikamue chooni. Homa, damu nyingi au mkojo kugoma kutoka, rudi hospitali siku hiyohiyo.