SOMO LA MWEZI: BWANA ALIPOHOJIWA USIKU

Wapendwa, fungueni kwanza Marko 14:53–65 na Yohana 18:19–24, mkisha soma turudi hapa.

Huku kwetu milimani mtu akichukuliwa na polisi, neno la kwanza kusikika sokoni ni hili: kama hana kosa, mbona hasemi? Sisi Wakristo nasi twalisema, tena kwa ujasiri, maana tumefundishwa tangu kipaimara kwamba mwenye dhambi na aungame.

Lakini tazameni mambo ya usiku ule. Mashahidi waliletwa wengi, na maneno yao hayakupatana. Torati ilitaka mashahidi wawili au watatu (Kumb. 19:15). Walipokosekana, kuhani mkuu alimgeukia mshtakiwa mwenyewe, apate kinywani mwake kile ambacho mashahidi walishindwa kukitoa. Bwana akanyamaza. Katika Yohana aliwaelekeza kwa watu waliomsikia, waulizwe hao. Alipopigwa kofi hakukaa kimya, bali alidai kosa lake lishuhudiwe.

Basi anayeuliza, akikosa ushahidi, hujaribiwa kuutafuta katika mwili wa aliyeshikwa. Nchi yetu yalijua hilo. Mwaka 1976, katika mikoa ya Mwanza na Shinyanga, watu waliokamatwa katika upelelezi wa mauaji waliteswa, na wengine wakafa mikononi mwa dola. Mwaka 1977 Waziri wa Mambo ya Ndani, hayati Mzee Ali Hassan Mwinyi, alijiuzulu kwa sababu ya mambo hayo, ingawa hakumgusa mtu kwa mkono wake.

Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai ya mwaka 1985 yaeleza ipasavyo kufanywa. Kabla ya kuuliza, askari hutakiwa kutaja jina na cheo chake, na kumweleza mtu kosa analoshukiwa, kwa lugha aijuayo vizuri. Tena amwonye kuwa halazimiki kujibu swali lolote isipokuwa la jina lake na mahali akaapo, na kwamba aweza kuwasiliana na wakili, ndugu au rafiki. Muda wa kuhojiwa ni saa nne tangu aliposhikwa. Waweza kuongezwa, lakini nyongeza isizidi saa nane. Safari ya kupelekwa kituoni haihesabiwi, na wenzetu wa Mtae wajua urefu wake wakati wa mvua.

Neno la lugha tusilipite haraka. Bibi aliyezoea Kisambaa, akisomewa onyo kwa Kiswahili cha ofisini, ataitikia "ndiyo" kwa adabu tu, na adabu hiyo yaweza kuandikwa kuwa amekubali kosa. Ndugu anayemfuata na aombe mkalimani, kwa upole. Askari nao ni ndugu zetu, na wengine twakaa nao benchi moja Jumapili.

Tuseme kijana ameshikwa karibu na msitu wa Magamba, na magogo ya mkulo yameonekana njiani. Ataje jina na kijiji chake. Asikimbie, asitukane, wala asidanganye, maana kunyamaza si uongo. Asitie dole gumba kwenye karatasi ambayo hajasomewa. Ajue pia kwamba mahakamani mambo ni mengine: hakimu akiona kuna kesi ya kujibu, naye akachagua kukaa kimya, mahakama yaweza kukihesabu kimya hicho dhidi yake.

Je, na aliyekata miti kweli? Hapa wengi wetu hukwama. Zakayo alitangaza kurudisha mara nne (Luka 19:8), na hakuna aliyempiga ili aseme. Neno lililotolewa kwa kipigo si toba, na sheria nayo hailipokei: upande wa mashtaka ni lazima uthibitishe kuwa mtu alikiri kwa hiari yake. Mwenye kosa na akiri, ndiyo, lakini akijua analolisema na bila fimbo juu ya kichwa chake.

Chuo cha Uongozi wa Mahakama, kilichoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1998, kiko papa hapa Lushoto, nasi twapita langoni pake tukienda sokoni. Vijana wa kanisa wasione haya kuingia kuuliza.

Kwa mazungumzo ya vikundi: jirani yetu alipochukuliwa mara ya mwisho, nani katika sisi alimfuata kituoni, na sisi wengine tulisema nini sokoni?