SOMO KWA VYAMA VYA MSINGI: Kofia za Kufuma kwa Nyuzi za Mabaki

Maji ya Ziwa Victoria yako meta 1,134 juu ya usawa wa bahari, na vijiji vya Kaagya, kama vilivyo vijiji vingine vya Bukoba na Muleba, vimekaa juu zaidi ya hapo. Mgeni hudhani ya kuwa nchi iliyo karibu hivi na Ikweta haijui baridi. Mama aliyejifungua usiku wa mvua ya masika anajua vinginevyo. Mtoto mchanga huzaliwa akiwa amelowa. Kichwa chake ni kikubwa kwa kulinganishwa na mwili wake, na joto humtoka upesi kuliko limtokavyo mtu mzima. Shirika la Afya Duniani huhesabu kuwa mtoto mchanga ambaye joto la mwili wake limeshuka chini ya nyuzijoto 36.5 za Sentigredi amepoa kupita kiasi. Kwa hiyo yashauriwa akaushwe mara moja, alazwe kifuani pa mama yake ngozi kwa ngozi, afunikwe, na avikwe kofia.

Kofia hiyo haihitaji kiwanda. Yahitaji uzi upatao gramu 30, sindano mbili za kufumia, na mtu mwenye subira. Kikundi chochote cha wanawake ndani ya chama cha msingi chaweza kuifuma, kwa matumizi ya jamaa zao na kwa kuuza. Hata hivyo, vikundi vingi vya kazi za mikono huanza kwa furaha na kuishia katika ugomvi, nazo kofia zao nyingine huwa ndogo mno na nyingine humfunika mtoto macho. Makosa haya mawili yana chanzo kimoja, nacho ni kuanza kazi kabla ya kupima.

NYUZI HUPATIKANA WAPI

Wazee wa Buhaya walivaa nguo za magome ya miti, na kondoo wa asili wa nchi hii wana malaika mafupi, si sufu ya kusokotwa. Yafaa basi isemwe wazi kwamba uzi wa sufu ni lazima utoke nje ya kibanja. Njia zake ni tatu.

Kwanza, mabaki ya mafundi wanaofuma masweta ya shule. Vibonge vidogo vinavyobaki havitoshi sweta, lakini vyatosha kofia.

Pili, masweta ya mitumba yanayofumuliwa. Kabla ya kununua, mshono wa ubavuni ukaguliwe. Ikiwa kitambaa kimekatwa kwa mkasi kisha kikashonwa kwa cherehani, uzi utatoka vipande vipande. Ikiwa kingo zimefumwa zikamalizika zenyewe, mshono hufunguliwa na uzi ukatoka mrefu, kuanzia mahali mfumaji alipomalizia.

Tatu, uzi wa sufu uliosokotwa kwa mkono. Katika nyanda za juu za Kenya, ambako hufugwa kondoo wa sufu, kazi hii inajulikana. Huko Nanyuki wanawake walianza kusokota na kufuma kwa pamoja katika miaka ya 1970. Uzi wa namna hii ni wa joto sana, lakini unene wake hautoshani: mahali ni mwembamba, mahali ni mnene.

KUCHAMBUA NA KUSAFISHA

Ili kujua kama uzi ni sufu au ni wa kiwandani wa asili ya plastiki, kipande kifupi kichomwe nje ya nyumba, mbali na nyuzi nyingine. Sufu hunuka kama nywele zilizoungua na majivu yake husagika vidoleni. Uzi wa plastiki huyeyuka ukaacha punje ngumu. Zote mbili zafaa kwa kofia, ila sufu huendelea kutia joto hata ikiwa na unyevu, nayo haivumilii maji ya moto. Ikisuguliwa ndani yake husinyaa na kuwa ngumu.

Uzi uliofumuliwa huwa umejikunja. Uzungushwe kwenye mgongo wa kiti, ufungwe mahali panne kwa vipande vya uzi, ufuliwe kwa sabuni na maji ya uvuguvugu, kisha utundikwe kivulini ukiwa na kitu chepesi cha kuuvuta chini. Ukikauka huwa umenyooka. Wakati wa kuuzungusha kuwa kibonge, usivutwe kwa nguvu.

KIPIMO CHA VITANZI

Hakuna idadi moja ya vitanzi inayofaa kwa kila uzi. Mfumaji aanzishe vitanzi 24, afume kipande cha urefu wa sentimeta 10, akilaze mezani bila kukivuta, kisha ahesabu vitanzi vilivyomo katika sentimeta 10 za katikati.

Kichwa cha mtoto aliyezaliwa kwa wakati wake huwa na mzunguko wa sentimeta 35 hivi. Kofia ifumwe kwa sentimeta 32, kwa kuwa kazi ya kufuma huvutika na lazima ishike kichwa. Mfano: ikiwa kipande kina vitanzi 18 katika sentimeta 10, hesabu ni 32 mara 18, gawanya kwa 10, yaani 57.6. Viongezwe vitanzi 2 vya mshono. Jumla hiyo isogezwe hadi namba ya karibu inayogawanyika kwa 6, nayo ni 60. Kwa uzi mnene wenye vitanzi 14, hesabu hiyo hiyo huleta 48. Uzi ukiwa mwembamba mno, nyuzi mbili zifumwe pamoja kama uzi mmoja, na kipimo kirudiwe.

KUFUMA

Maelezo haya ni ya vitanzi 60, na kofia hufumwa ikiwa bapa.

1. Ukingo: kitanzi kimoja cha kawaida, ambapo uzi huwa nyuma ya sindano, na kimoja cha kinyume, ambapo uzi huwa mbele. Ifumwe hivyo kwa sentimeta 3. Ukingo huu ndio unaovutika.

2. Mwili: mstari mmoja vitanzi vya kawaida vyote, mstari wa kurudi vya kinyume vyote, mpaka urefu kutoka chini uwe sentimeta 11. Kwa uzi wa kusokotwa kwa mkono vitumike vibonge viwili kwa zamu, kila kimoja mistari miwili, ili unene na wembamba usikusanyike mahali pamoja.

3. Kupunguza: vifumwe vitanzi 4, kisha viwili kwa pamoja, hadi mwisho wa mstari, hubaki 50. Mstari wa kurudi ni wa kinyume bila kupunguza, na ndivyo iwavyo kila baada ya kupunguza. Mstari unaofuata ni 3 kisha viwili pamoja, hubaki 40. Halafu 2 kisha viwili pamoja, hubaki 30. Halafu 1 kisha viwili pamoja, hubaki 20. Mwisho viwili viwili, hubaki 10.

4. Kumaliza: uzi ukatwe ukiachwa mkia wa sentimeta 40, upitishwe ndani ya vitanzi 10, ukazwe, na mkia huo huo ushone ubavu.

Kofia ya mtoto mchanga isiwekewe kishada wala kamba za kufunga shingoni, na ncha za uzi zifichwe ndani. Mtoto akitoka jasho ivuliwe. Kadhalika, kofia haichukui nafasi ya kifua cha mama wala ya zahanati.

DAFTARI LA NYUZI

Kila katibu anajua jinsi kahawa ya maganda inavyopokelewa. Magunia ya wakulima wengi huchanganywa ghalani, lakini hakuna anayepoteza chake, maana kila mmoja alipimiwa kwanza na kupewa stakabadhi. Nyuzi nazo huchanganywa. Zipokelewe kwa utaratibu huo huo, ila kwa mizani ndogo ya dukani, kwa sababu mizani ya kahawa haioni gramu 30.

Daftari liwe na safu za tarehe, jina, aina ya uzi, uzito uliopokelewa, uzito uliorudishwa kwa kutofaa, na kofia zilizotolewa na kila mfumaji. Hesabu ya mfano ni hii. Kikundi kimepokea gramu 1,500. Gramu 300 hazikufaa zikarudishwa kwa wenyewe. Gramu 1,200 zimetoa kofia 40. Zikiuzwa kwa Sh. 3,000 kila moja hupatikana Sh. 120,000. Gharama za sabuni, sindano na usafiri ni Sh. 24,000, na akiba waliyokubaliana ni Sh. 24,000. Zimebaki Sh. 72,000. Mkutano ulikwisha kuamua mapema kwamba aliyefuma alipwe Sh. 1,200 kwa kofia, jumla Sh. 48,000, na aliyeleta uzi alipwe Sh. 20 kwa gramu, jumla Sh. 24,000. Hesabu imefungwa bila kubaki senti. Aliyeleta uzi bila kufuma amepata haki yake, na aliyefuma bila kuwa na uzi amepata yake. Kama viwango hivyo vingeachwa vijadiliwe baada ya fedha kuonekana mezani, kikundi kingevunjika siku hiyo.

Wanaushirika 28 wa Rochdale, Uingereza, ambao mwaka 1844 walifungua duka linalokumbukwa hadi leo, walikuwa miongoni mwao wafumaji wa vitambaa vya sufu. Mtaji wao ulikuwa mdogo. Waliaminiwa kwa sababu waliuza bidhaa safi kwa vipimo kamili. Kikundi cha kofia 40 hakina njia nyingine ya kuaminiwa.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Uzi wenye vitanzi 16 katika sentimeta 10 wahitaji kuanza na vitanzi vingapi?
2. Je, uzi wa sufu na uzi wa plastiki ulipwe bei moja kwa gramu? Toeni sababu.
3. Mwanachama ameleta gramu 200 bila kupimiwa, naye sasa adai kuwa zilikuwa 400. Katibu afanye nini leo, na alipaswa kufanya nini siku ile?
4. Ikiwa kikundi kitaamua kutoa kofia 5 bure kwa wazazi wa zahanati ya kijiji, gharama yake iandikwe wapi?