Nani Mwenye Amri Juu ya Ankara ya Umeme?

Katika somo la Uraia muhula huu, wanafunzi wa Kidato cha Tatu waliniuliza: katika nchi ya shirikisho kama Marekani, jimbo likitaka kuwatoza watu ada ili kupunguza moshi unaoharibu hali ya hewa, je, serikali kuu yaweza kulizuia? Kengele ililia kabla sijamaliza jibu, basi nalimaliza hapa.

Kwanza tufahamu kwamba umeme, kama sukari, huuzwa mara mbili. Mwenye mtambo huiuzia kampuni ya kusambaza umeme kwa jumla. Kampuni nayo huwauzia wenye nyumba kwa rejareja. Mpaka wa madaraka umepita hapo katikati, na ulichorwa kwa ugomvi.

Kampuni moja ya jimbo la Rhode Island ilikuwa ikiuza umeme kwa kampuni ya mji wa Attleboro, katika jimbo la Massachusetts. Bei ya mkataba ikawa haitoshi, na halmashauri ya Rhode Island ikaipandisha. Mwaka 1927 Mahakama ya Juu ya Marekani ikasema halmashauri hiyo haina amri juu ya biashara ivukayo mpaka. Massachusetts nayo haikuwa nayo. Bei ikabaki kama mbuzi asiye na mchungaji, hata Bunge lilipotunga sheria mwaka 1935: bei ya jumla kati ya majimbo iwe ya serikali kuu, rejareja iwe ya jimbo.

Sasa tuje kwenye ada. Mwaka 2016 New York iliamuru kampuni za umeme zinunue hati maalum, fedha zake ziisaidie mitambo ya atomu, kwa kuwa haitoi moshi. Gharama ikaingia katika ankara za wenye nyumba. Wenye mitambo mingine wakashtaki. Walitegemea kesi ya Maryland, jimbo lililoshindwa mwaka huo huo mbele ya Mahakama ya Juu, kwa sababu liliuahidi mtambo mmoja wa gesi bei yake lenyewe badala ya ile ya soko la jumla. Lakini mwaka 2018 mahakama ya rufani iliona kwamba malipo ya New York hayakufungwa kwenye soko hilo, na mwaka 2019 Mahakama ya Juu ikakataa kuisikiliza kesi. Ada ikasimama.

Kwangu mimi tofauti hiyo ni nyembamba kama unywele, na mjane alipaye ankara haioni kabisa. Hata hivyo yamfaa kuijua, maana ndiyo imwonyeshayo mlango wa kubisha: ada kama hiyo atailalamikia kwa halmashauri ya jimbo lake, si Washington.

Tarehe 8 Aprili 2025 Rais Trump alimwamuru Mwanasheria Mkuu azitafute sheria za majimbo juu ya hali ya hewa anazoziona batili na kuzizuia. Amri ya Rais haiifuti sheria ya 1935. Mwanasheria huyo sharti aende mahakamani, na kwa ada ya umeme huenda akaulizwa kwanza swali lile lile la Maryland: imefungwa kwenye bei ya jumla, au la?