Kufuta na Kuhifadhi: Utunzaji wa Diski Yabisi katika Tarakilishi za Linux kwa Mtumiaji Asiye Mtaalamu

IKISIRI

Makala haya yanajadili utunzaji wa diski yabisi, yaani diski ya aina ya SSD, katika tarakilishi zinazoendeshwa kwa mfumo wa Linux. Yanamlenga mwanafunzi au mhadhiri wa Kiswahili ambaye hakusomea taaluma ya tarakilishi, ilhali tasnifu yake, mihadhara yake na rekodi zake za nyanjani zimo ndani ya diski hiyo. Hoja kuu ni kwamba Linux ya leo hutekeleza sehemu kubwa ya utunzaji huo bila kuombwa. Kazi inayombakia mtumiaji si kuilinda diski isichakae, bali ni kuilinda kazi yake kutokana na namna diski hii inavyofuta na inavyokufa.

1.0 Utangulizi

Wahenga walinena kuwa mali bila daftari hupotea bila habari. Katika chuo kikuu cha leo, daftari lenyewe limegeuka kuwa mali. Mtafiti wa fasihi simulizi anayekwenda Lamu au Pemba kuwarekodi wazee hurejea na saa nyingi za sauti ambazo hazimo katika kitabu chochote. Baadhi ya wazee hao hawatapatikana tena mwaka unaofuata. Sauti zao huhifadhiwa katika kifaa kidogo kisichozidi ukubwa wa kiganja, na aghalabu mtafiti hajui kifaa hicho hufanyaje kazi.

Linux si mgeni katika ulimwengu wa Kiswahili. Mfumo huu ulianzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, aliyekuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki. Toleo lake maarufu, Ubuntu, lilitolewa mwaka 2004 likiwa na jina kutoka lugha za Kinguni, jina lenye nasaba moja na neno letu utu. Mwaka huohuo, mradi wa KiLinux uliohusishwa na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya kuandikia iliyofasiriwa kwa Kiswahili. Kwa kuwa mifumo hii hupatikana bila malipo, wanafunzi wengi huiweka katika vipakatalishi vyao. Hata hivyo, maelezo ya namna ya kuitunza huandikwa kwa lugha ya wataalamu, na mengi yamepitwa na wakati.

2.0 Maumbile ya Diski Yabisi

Diski kuu ya zamani ina sahani zinazozunguka na kichwa kinachosoma na kuandika kwa nguvu za sumaku. Diski ya SSD haina kinachozunguka. Data yake hukaa katika chipu. Makala haya yanaiita diski yabisi, kwa kufuata istilahi ambayo tayari inatumika katika somo la fizikia.

Kumbukumbu iliyomo katika chipu hizo inatokana na kazi ya Fujio Masuoka wa kampuni ya Toshiba nchini Japani, na aina inayotumika katika diski hizi iliwasilishwa kwa wanasayansi mwaka 1987. Jina lake, ambalo katika Kiswahili cha kila siku limekuwa flashi, lilipendekezwa na mwenzake kwa sababu namna data inavyofutwa kwa mkupuo ilimkumbusha mmweko wa kamera. Kwa hiyo, kitendo cha kufuta ndicho kilichoipa teknolojia hii jina.

Ili kuelewa kitendo hicho, na tuchukue mfano wa ukumbi wenye mbao nyingi za chaki. Kila ubao una mistari mingi. Mwalimu anaweza kuandika mstari mmoja mmoja, lakini sheria ya ukumbi ni kwamba mstari mmoja haufutiki peke yake; sharti ubao mzima ufutwe kwa mara moja. Akitaka kusahihisha mstari, huuandika upya katika ubao mwingine ulio safi, na ule wa kwanza huutia alama ya kuwa umekufa. Mbao safi zikipungua, huchagua ubao wenye mistari mingi iliyokufa, huihamisha michache iliyo hai, kisha huufuta wote. Zaidi ya hayo, kila ubao hustahimili kufutwa kwa idadi fulani tu ya mara, hivyo mwalimu huzitumia mbao zote kwa zamu ili mmoja usichakae kabla ya mingine. Hivyo ndivyo diski yabisi inavyofanya ndani yake.

Tatizo ni kwamba diski haijui faili ipi imetupwa na mwenyewe. Mtumiaji anapofuta sura ya kwanza ya tasnifu, mfumo huondoa jina lake katika orodha, lakini diski huendelea kuihamisha mistari yake kutoka ubao hadi ubao ikidhani ingali hai. Matokeo ni kazi ya bure, uchakavu na uzito wa kuandika. Amri iitwayo TRIM ndiyo dawa ya tatizo hili. Kwayo, mfumo huiarifu diski kuwa mistari kadha wa kadha haihitajiki tena.

3.0 Mazoea Yasiyofaa Tena

Zoea la kwanza ni kupanga upya vipande vya faili ili vikae pamoja. Katika diski ya sahani, kichwa kilisafiri kutoka kipande hadi kipande, hivyo kuvikusanya kuliokoa muda. Diski yabisi haina kichwa kinachosafiri. Kuvipanga vipande vyake ni kuandika upya data pasi na faida ya maana.

Zoea la pili ni hofu kuwa diski itachakaa upesi, hofu inayowafanya baadhi ya watumiaji kupunguza hata kuhifadhi kazi zao. Hesabu inaiondoa hofu hii. Ni jambo la kawaida kwa diski ya GB 250 kupewa na mtengenezaji dhamana ya kuandikwa TB 150. Mtumiaji anayeandika GB 20 kila siku, kiasi kikubwa kwa kazi ya maandishi, atafikia kikomo hicho baada ya siku 7,500, yaani zaidi ya miaka 20. Kipakatalishi chenyewe huenda kikafa kabla ya hapo.

Zoea la tatu ni kubadilisha mipangilio ya ndani ili mfumo usiandike saa ya kila faili inaposomwa. Tangu mwaka 2009 Linux yenyewe imepunguza uandishi huo. Asiye mtaalamu hana haja ya kugusa mipangilio hiyo, kwani kosa la herufi moja laweza kuizuia tarakilishi kuwaka.

4.0 Utunzaji Unaofaa

4.1 Kuthibitisha TRIM

Katika Ubuntu na Fedora za leo, TRIM hutumwa mara moja kwa wiki. Ratiba yake ni usiku wa kuamkia Jumatatu, na tarakilishi ikiwa imezimwa wakati huo, kazi hufanywa itakapowashwa. Kinachohitajika ni kuthibitisha. Mtumiaji wa Ubuntu hufungua dirisha la amri kwa kubonyeza Ctrl, Alt na T kwa pamoja, kisha huandika:

systemctl status fstrim.timer

Neno "active" likionekana katika jibu, ratiba ipo. Lisipoonekana, amri ifuatayo huianzisha, na mfumo utaomba nywila:

sudo systemctl enable --now fstrim.timer

Hatua hii hufanywa mara moja tu.

4.2 Kuacha Nafasi

Mwalimu wa mfano wetu hulemewa mbao safi zinapokwisha. Vivyo hivyo, diski iliyojaa pomoni hupungua kasi. Inashauriwa asilimia 10 hadi 20 iachwe tupu. Filamu zilizokwisha kutazamwa ndizo za kuondoka kwanza, si rekodi za nyanjani.

4.3 Kupima Afya

Programu ya smartmontools husoma kumbukumbu ambazo diski huweka kuhusu hali yake. Katika Ubuntu huwekwa na kutumiwa hivi:

sudo apt install smartmontools
sudo smartctl -a /dev/nvme0

Kwa diski za aina ya SATA, sehemu ya mwisho aghalabu huwa /dev/sda, na majina ya vipimo hutofautiana. Kwa diski za NVMe, mambo mawili yanatosha. "Percentage Used" huonyesha kiasi cha uhai kilichokadiriwa kutumika. 5 ni diski changa na 100 ni iliyofikia makadirio ya mtengenezaji. "Media and Data Integrity Errors" ni hesabu ya makosa ya data, nayo yapasa kuwa sufuri. Ikianza kupanda, nakala zichukuliwe siku hiyohiyo.

4.4 Umeme

Umeme ukikatika ghafla, mfumo wa faili wa ext4 unaotumiwa na Ubuntu hurejelea shajara yake na kurekebisha orodha ya faili. Shajara hiyo haiwezi kurejesha aya ambayo mwandishi hakuihifadhi. Kwa anayetumia tarakilishi ya mezani isiyo na betri, kubonyeza Ctrl na S kila baada ya aya ni utunzaji bora kuliko amri yoyote.

5.0 Maana Mpya ya Kufuta

Hapa ndipo penye kiini cha mjadala huu. Katika Kiswahili tunafuta ubao, tunafuta jasho, tunafuta kesi na tunafuta faili, kana kwamba ni tendo moja. Katika diski ya sahani, kufuta faili kulikuwa sawa na kufuta jina lake pekee. Maneno yalibaki, nayo programu za uokoaji ziliweza kuyafufua. Watumiaji wengi wangali wanaishi kwa imani hiyo.

Katika diski yabisi imani hiyo ni hatari. Faili iliyo katika pipa la taka ingali salama. Lakini pipa likishamwagwa na TRIM ikatumwa, diski huchukulia mistari ile kuwa imekufa, na kwa kawaida fundi akija na programu ya uokoaji hukuta sufuri tupu. Kile kinachoifanya diski iwe na kasi ndicho kinachomnyima mtumiaji nafasi ya kujuta. Fauka ya hayo, diski ya sahani mara nyingi ilianza kukwaruza kabla ya kufa, nayo ikampa mwenyewe muda. Diski yabisi huweza kunyamaza leo bila kutoa sauti jana.

Upo pia upande wa pili. Anayeuza kipakatalishi chake asitegemee amri za zamani za kuandika juu ya faili, kama vile "shred". Katika diski yabisi maandishi mapya huenda ubao mwingine, na ya kale yaweza kubaki. Njia bora ni kuteua usimbaji wa diski nzima wakati wa kuweka mfumo. Kwa mtafiti aliyewaahidi wasailiwa wake usiri, hili ni suala la maadili, na nchini Kenya ni suala la Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 vilevile.

6.0 Nakala Rudufu

Kanuni inayokubalika ni nakala tatu, katika vifaa vya aina mbili, moja ikiwa mahali pengine. Katika Ubuntu hupatikana programu ya nakala rudufu iitwayo Déjà Dup, ambayo hunakili faili katika diski ya nje kwa ratiba. Mwizi akichukua mkoba wenye kipakatalishi na diski ya nje, nakala mbili huondoka pamoja. Ndiyo maana ya tatu hukaa kwa msimamizi, nyumbani kwa wazazi au katika hifadhi ya mtandaoni.

Diski yabisi ya nje isifungiwe kabatini kwa miaka. Kiwango cha JEDEC huitaka diski ya matumizi ya kawaida, hata ikiwa imefikia kikomo chake cha uandishi, ishike data kwa mwaka mmoja bila umeme katika nyuzijoto 30. Joto likizidi, muda hupungua, na pwani yetu haina uhaba wa joto. Nakala iunganishwe kila baada ya miezi michache, ifunguliwe, na faili chache zisomwe. Nakala ambayo haijawahi kufunguliwa ni tumaini tu.

7.0 Hitimisho

Makala haya yameonyesha kuwa utunzaji wa diski yabisi katika Linux si kazi ya wataalamu pekee. Kuthibitisha TRIM mara moja, kuacha nafasi, kupima afya mara chache kwa mwaka na kuhifadhi kila baada ya aya kunatosha. Diski hujitunza kwa kiasi kikubwa, ila tasnifu haijitunzi. Inapendekezwa kwamba somo fupi la kuhifadhi data litolewe kwa Kiswahili kabla ya watafiti kwenda nyanjani. Mzee aliyekubali kuimba mbele ya kinasasauti alitimiza wajibu wake. Kuihifadhi sauti hiyo ni wajibu wa aliyeibeba.