Kitu chenye jina la mtu hakina mteja wa pili: somo la chipu za poka

Leo naongelea bidhaa ambayo wengi hamjaigusa: seti ya chipu za poka zenye jina la mteja. Poka ni mchezo wa karata, na chipu ni vile vidude vya duara vinavyowekwa mezani kama dau. Kuna watu wanacheza nyumbani wikiendi na marafiki, kwa pointi tu, na wanapenda seti yenye jina la familia au la kundi lao. Inatoka sana kama zawadi.

Ila kabla hujachukua oda, sikia yaliyonikuta mimi.

Oda yangu ya kwanza ilikuwa chipu 300, zawadi ya bethdei. Mteja alinitumia jina kwa voisi, nikaandika nilivyosikia: Jofrey. Nikachapisha, nikabandika zote, nikampigia picha. Akajibu: "Dada, anaandikwa Geoffrey." Kianzio sikuchukua hata mia. Mteja akaaga, mimi nikabaki na mzigo. Nani mwingine atanunua chipu 300 za Jofrey? Nilizibandua kwa kucha siku mbili, na nyingi zilibaki na gundi.

Ndiyo maana nasema, gauni likikataliwa unamuuzia mwingine. Kitu chenye jina la mtu hakina mteja wa pili. Kwa hiyo kazi kubwa inafanyika KABLA ya kuchapisha. Twende hatua kwa hatua.

1. HESABU YA CHIPU
Muulize mteja wanacheza watu wangapi. Kwa watu 6, seti ya 300 inatosha vizuri. Chipu tupu mara nyingi zinauzwa kwa mafungu ya 25 ya rangi moja, hivyo panga hivi:
- Nyeupe (1): 100
- Nyekundu (5): 75
- Kijani (25): 75
- Nyeusi (100): 50

Rangi hizi na thamani zake zimezoeleka sana Marekani, kwa hiyo mchezaji wa poka hatashangaa. Kila mtu anaanza na nyeupe 15, nyekundu 12, kijani 9 na nyeusi 2. Jumlisha: 15 + 60 + 225 + 200 = pointi 500 kamili. Wote sita wanatumia chipu 228, zinabaki 72 kwa anayeishiwa na kutaka kuingia tena. Mpe mteja mgawanyo huu kwenye karatasi ndani ya boksi. Ni kitu kidogo, lakini ataona unajua unachokiuza.

2. VIPIMO
Chipu ya kawaida ina upana wa milimita 39 hivi, na katikati kuna kishimo cha kukaa stika. Usibahatishe, chukua rula upime kishimo cha chipu ulizonunua WEWE. Kikiwa milimita 26, kata stika ya 25. Stika ikipanda ukingoni itaanza kubanduka kwa sababu chipu zinasuguana kila zikipangwa.

3. STIKA
Chipu ina pande mbili. Chipu 300 ni stika 600, wengi wanasahau hapa! Karatasi ya A4 inaingia stika 54 za milimita 25 (6 kwa 9), ukiacha nafasi ya kukatia. Nyeupe zinataka karatasi 4, nyekundu 3, kijani 3, nyeusi 2. Jumla 12, na unabaki na stika 48 za akiba.

Chukua stika ya plastiki, siyo ya karatasi, na waambie wakupigie laminesheni. Mikono ya wachezaji ina jasho, na meza haikosi soda. Wakate kwa mashine. Ukikata duara 600 kwa mkasi utajuta. Namba iwe kubwa, isomeke kutoka upande wa pili wa meza.

Usiweke picha ya noti wala nembo ya kasino yoyote. Weka jina na namba tu.

4. IDHINI YA MTEJA
Hapa ndipo nilipoumia. Jina lije kwa MAANDISHI, siyo voisi. Tengeneza picha ya stika zote nne, mtumie, kisha mwambie: "Naomba usome herufi kwa herufi, ukiridhika niandikie NIMEKUBALI." Bila neno hilo usiende kuchapisha. Halafu tengeneza chipu moja ya sampuli, umpigie picha. Chipu moja ikikosewa ni hasara ya mia chache. Zikikosewa 300, mtaji umeondoka.

5. BEI NA KIANZIO
Hizi ni namba za mfano, weka za kwako:
- Chipu 300 × 250 = 75,000
- Stika, karatasi 12 × 3,000 = 36,000
- Boksi = 20,000
- Za kuharibika = 14,000
Vifaa jumla: 145,000
- Kazi yako, saa 5 × 5,000 = 25,000
Gharama yote: 170,000

Ukiuza 230,000, faida ni 60,000. Usafiri mteja analipa mwenyewe. Na usiache kuhesabu kazi yako. Ukibandika stika 5 kwa dakika, 600 ni saa mbili nzima, bado kubuni na kufuatilia uchapishaji.

Kianzio kisipungue pesa ya VIFAA. Hapa ni 145,000. Nusu ya bei ni 115,000, haitoshi, akikimbia umeshaliwa 30,000. Mteja akisema "mbona kianzio kikubwa hivyo", mjibu kwa upole: "Bosi wangu, jina ni lako, siwezi kumuuzia mwingine." Anayetaka kweli ataelewa.

6. KUBANDIKA
Futa kila chipu kwa kitambaa chenye spiriti kidogo, iache ikauke, ndipo ubandike. Maliza rangi moja kabla ya kugusa nyingine, usije ukaweka 25 kwenye nyeusi.

Somo hili siyo la poka peke yake. Vikombe, fulana, keki, chochote chenye jina kinafuata sheria ileile: maandishi, NIMEKUBALI, kianzio cha vifaa, ndipo uchapishe.

Wewe umewahi kubaki na mzigo wenye jina la mtu? Niandikie kwenye komenti uliufanyaje, tujifunze wote. Na mtumie mwenzako anayechukua oda bila kianzio. 🙏